Ile Mashine Yako ya Maganda

Baba Neema,

Leo nimekusikia ukipiga filimbi. Nilikuwa uani naanika nguo, mchana kweupe, nikasikia ule mlio wako wa getini, mrefu halafu mfupi, ule uliokuwa unampigia Neema kwa ganda la risasi kila ukirudi kutoka kazini Smithfield. Shati likanidondoka. Najua nimekuzika, udongo niliutupa kwa mkono wangu huu, lakini miguu ilinipeleka getini hivyo hivyo. Hapakuwa na mtu.

Ndiyo maana nakuandikia. Yametokea mengi tangu uondoke, na mengine ulipaswa uyajue wewe kabla yangu.

Siku chache baada ya mazishi walikuja polisi na karatasi zao, wakachukua bunduki, baruti na risasi zilizojaa. Maganda matupu hawakuwa na haja nayo. Wakaniachia ndoo nzima, pamoja na ile mashine yako kule chumba cha kufulia.

Unakumbuka nilivyoichukia? Wenzetu wote huku ughaibuni, Toongabbie hapa, wana mashine ya kufua nguo, sisi tukawa na ya kufua maganda juu yake! Kila Jumamosi ukitoka kulenga shabaha na mzee Ron wa kazini kwenu, unakuja na mfuko wa maganda meusi kwa masizi. Unayamwaga kwenye lile bakuli, unatia na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, unawasha, na nyumba nzima inatetemeka mpaka yatoke yanang'aa ili uyajaze upya. Magunzi, jamani! Kwetu Tanga tunawashia moto, wewe ulikuwa unayanunua dukani, yale ya kuwatandikia panya wa kufugwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukaniambia, "Cheka tu, utakuja kujitazama humu badala ya kioo."

Neema kazaliwa kaukuta mlio huo. Chumba chake na mashine ni ukuta kwa ukuta, ndio uliokuwa unambembeleza. Ulipoondoka akagoma kulala. Saa moja ya jioni, jua la kiangazi cha huku bado linawaka, mtoto kakaa kitandani ananiuliza, "Where's Baba's noise?" Unamjua mwanao, Kiswahili anaelewa chote, ila jibu lake ni Kiingereza. Nikamwimbia, nikambeba mgongoni, wapi! Mwisho nikaenda nikabonyeza swichi. Maganda yako yakaanza kuzunguka. Kabla sijarudi mlangoni kwake alikuwa amelala.

Basi ikawa kila jioni. Kifuniko kina ufa, nikawa nakifunika na taulo. Na mimi nikawa nakaa pale sakafuni, mgongo nimeegemeza ukutani, nasikiliza. Na mimi nilikuwa nakutaka, Baba Neema.

Halafu mtoto akaanza kubadilika. Chakula hataki, tumbo linamsokota, hasira za ghafla tu bila sababu. Mwalimu wake wa chekechea akaniita, akasema nyimbo alizokuwa akiwaongoza wenzake sasa anazisahau katikati. Mchungaji akasema ni msiba. Mimi nikasema ni msiba. Wewe ulivyokuwa unashika tumbo lako, unadondosha vikombe, unanifokea kwa ajili ya chumvi, tulisema ni presha ya ukoo wenu. Sikuyaunganisha hayo mawili. Ningeyaunganisha vipi?

Mzee Ron ndiye aliyeyaunganisha. Nilimwita aje achukue maganda, angalau mtu ayatumie. Akaja na keki ya mkewe, tukakaa jikoni. Neema akataka kumwonyesha mgeni ufundi wake. Akapanda kiti, akautungua ungo wangu kwenye msumari, ule ungo alionipa mama siku naondoka Tanga. Akakimbia kule kwenye mashine, akarudi nao umejaa magunzi, akaanza kupeta. Haki ya Mungu sikumfundisha mimi. Anarusha, anadaka, anapuliza, mashavu kayavimbisha, kichwa kakipeleka pembeni, wewe mtupu ukipiga filimbi! Vumbi la kijivu likapaa kwenye jua la dirishani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Mzee Ron hakucheka. Aliweka kikombe chini akamuuliza polepole, "Did Baba do it like that? In here?" Na mtoto, kwa furaha yote, "Every time Mama's at work."

Nikamwambia yule mzee anieleze, na asinifiche. Akaniambia kile kifataki kidogo cha kwenye kitako cha risasi, kinachowasha baruti, kina madini ya risasi, yaani lead, ndani yake. Kikilipuka, masizi yake yanabaki kwenye ganda. Mashine inayasugua, magunzi yanayabeba, na vumbi linalotoka hapo ni sumu. Halipetwi. Halipulizwi. Haliingizwi jikoni kabisa. Alishakwambia magunzi ukishayatumia uyatupe ununue mengine, ukamjibu kwamba wewe una ujuzi wa bibi yako, unayapeta yanakuwa mapya.

Nakusikia kabisa ukisema hivyo, na kifua umekitoa mbele.

Kwa hiyo mimi nikiwa zamu, nageuza wazee wa watu vitandani, wewe unapeta magunzi yako. Ukimaliza unakung'uta ungo, unautundika kwenye msumari wake. Na mimi narudi, nauteremsha, nachagulia mchele wetu humo humo. Ile rangi ya kijivu kwenye nyuzi zake nilidhani ni uzee.

Mwanaume gani anajificha kupeta? Uliogopa nitakucheka? Ningekucheka, ndiyo! Ningekucheka mpaka majirani wasikie, halafu ningekuuliza vumbi hilo la nini, na leo tungekuwa... Basi. Siku ile niliigeuza picha yako ikatazama ukuta. Ujue tu.

Neema alitolewa damu ya kupima asubuhi, jioni simu ikalia. Hospitali za huku zikikupigia siku hiyo hiyo, si heri. Sumu imo kwenye damu yake. Na mimi ninayo, lakini mimi ni mtu mzima; yeye ubongo wake ndio kwanza unakua. Nikauliza na habari zako, kama ndiyo iliyokupandisha presha ukaanguka pale kazini. Daktari alinipa kiti.

Wakaja watu wa kusafisha nyumba, wamejifunika kuanzia kichwani mpaka miguuni. Wakatoa mashine, ndoo, zulia la Neema. Ungo wa mama wakaufunga kwenye mfuko wa plastiki na kuubandika karatasi. Mtoto alipoona mashine inapakiwa kwenye gari alikimbia nyuma yake mpaka getini akiita, "Baba! Baba!" Majirani wakatoka nje. Nilimrudisha ndani nimembeba, ananipiga mateke.

Tukangoja damu isafike. Kila siku napiga deki kwa kitambaa kibichi, namnawisha mikono mpaka ngozi inakauka. Wakampima tena, sumu haikushuka. Wakampima mara nyingine, imepanda. Juzi daktari alinikazia macho akaniuliza ni kitu gani kimebaki mle nyumbani. Nikaapa hakuna. Nikaapa kwa jina lako.

Leo ndiyo nikasikia filimbi.

Nilipokuwa nimesimama pale getini ikalia tena, ndogo, nyuma yangu, ndani ya nyumba. Nikaingia kwa kunyata. Neema alikuwa chini ya kitanda chake, kanipa mgongo, ganda liko mdomoni. Lile ulilomzawadia siku yake ya kuzaliwa, ulilolisugua mara mbili ling'ae zaidi ya mengine. Wale wasafishaji walipokuja alilificha kwenye soksi, ndani ya kiatu alichokuwa amekivaa. Tangu mashine iondoke analala analinyonya. Kila siku nimemfunika shuka mwenyewe, nimembusu, nimezima taa.

Aliponiona akalibana kwenye ngumi. Akaniambia, kwa Kiswahili, Baba Neema, yeye aliyekuwa hanijibu Kiswahili hata kwa pipi, "Usichukue, Mama. Baba yuko humu."

Tulilia wote wawili pale sakafuni. Nilimsafisha mdomo, nikampandisha kitandani, usingizi ukamchukua akiwa bado ana kwikwi. Ngumi hajaifungua. Nimekaa pembeni yake, karatasi hii iko gotini, na macho yangu yako kwenye mkono huo. Ukielekea mdomoni naushusha. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza, kwa sababu hiki ndicho cha mwisho chako alichobakiwa nacho, na ni mimi ninayekwenda kumpokonya.

Picha yako nimeigeuza, inatazama mbele. Hasira sijaimaliza, lakini siwezi kulala umenipa mgongo. Daktari anasema sumu mpya ikikatika, iliyomo kwenye damu itashuka. Kilichokwisha kuharibika ndicho asichokijua, na mimi sikijui. Tutakwenda polepole na nyimbo zake, moja moja. Nitamwambia baba yake alikuwa anapeta vizuri kumshinda mama. Na siku akiwa mkubwa akauliza nani alimnyang'anya filimbi, nitasema ni mimi. Ya sumu ya kwenye ungo hatayasikia kutoka kwangu. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mume wangu. Usiite tena getini. Naiweka kalamu chini sasa, maana mwanao kakaza vidole, na kumfungua bila kumwamsha nahitaji mikono yote miwili.

Mama Neema