Uso Wangu Kwanza, Daraja Baadaye

Jumatatu, 2 Oktoba 1916

Otis amevunjika mguu. Mungu wangu, niliusikia ulivyolia — ko! — na mimi nimekaa kivulini na mwamvuli wangu nakula chungwa.

Tulikuwa tunajaribu ule mruko wa sehemu ya mwisho ya picha yetu ya sinema. Kutoka darajani hadi juu ya paa la behewa, treni ikipita chini. Otis kavaa gauni langu na wigi, kama siku zote. Akatua vizuri, akateleza, huyoo! Kidogo tu magurudumu yamkate. Walipombeba, wigi bado iko kichwani, imegeukia usoni. Watu wakacheka. Kwa woga, nadhani. Mimi nilitapika lile chungwa.

Magazeti yanasema Della Marchand, jina langu la kwenye picha, hajui woga. Huu mwaka wa pili wanasema hivyo. Na kila anayeruka, kuanguka na kuning'inia ni Otis Behm, mchunga ng'ombe wa Wyoming, anayenyoa masharubu kwa ajili yangu. Mimi ni Hester tu. Hata ngazi ya kwenda jukwaani naipanda nimeshika ukuta.

Jumanne, 3 Oktoba

Bwana Thackery, mwongozaji wetu, kaja chumbani kwangu na boksi la chokoleti. Nikajua kuna jambo. Eti waandishi wa magazeti wamealikwa darajani Jumamosi ya tarehe 14. Kumi na wawili! Wanataka kuniona kwa macho yao. Kwa hiyo hakuna mwanamume wa kuvaa gauni tena. Nitaruka mimi.

"Ni hatua moja tu, binti. Treni itajikokota kama mgonjwa."

Nikasema aniache nifikirie. Akasema mkataba wangu unaisha mwezi huu, na yeye pia anafikiria. Akachukua chokoleti moja, akaondoka.

Nikamwambia Mama. Nilitegemea atapiga kelele. Akaendelea kudarizi kitambaa chake. Alifua nguo za watu Toledo miaka kumi na sita, vidole vyake havinyooki tena. Mwisho akasema: "Ukikataa, mwanangu, tunarudi kwenye beseni." Nilimchukia. Kisha nikajichukia mimi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Ratiba mpya imebandikwa mlangoni. Mruko ulikuwa katikati ya mwezi na picha za harusi zinafuata baadaye. Sasa kila kitu kimevutwa mbele. Harusi, busu, barua, machozi ya uso kwa karibu — vyote vinamalizika Jumatatu. Daraja peke yake limebaki mwisho kabisa.

Nilifurahi, mjinga mimi! Nikamwambia Bi Hattie, fundi wetu wa nguo, kwamba angalau nitaruka sina kazi nyingine kichwani. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Bibie, hivi hujui kwa nini hatari hupigwa mwisho?"

"Kwa nini?"

"Wakishaupata uso wako wote, picha inaweza kumalizika bila wewe." Akanisimulia msichana mmoja wa studio nyingine, aliyetupwa na farasi akafa, miaka mitatu iliyopita. Picha ilitoka siku ileile iliyotangazwa. Watu walilipia tiketi, wakamwona akiolewa.

Nimerudi nyumbani. Wamenihesabu maiti tayari. Bwana Thackery, anayeniuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri!

Ijumaa, 6 Oktoba

Nilikwenda darajani na Mama. Nikachungulia. Nikakaa chini kwenye mbao, nikashindwa kuinuka mpaka Mama aliponishika kwapa. Alisema si juu sana. Hakuchungulia.

Jumapili, 8 Oktoba

Kanisani sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nafikiria jambo. Ni ovu, lakini si ovu kama lao.

Lyle Pomeroy, mchumba wangu wa kwenye picha, anapanda treni kesho jioni kwenda Chicago. Harudi mpaka tarehe 20. Bila busu, hadithi yetu haina mwisho. Je, busu likiharibika? Watanihitaji nikiwa mzima tarehe 20. Na mtu unayemhitaji tarehe 20 humrushi juu ya treni tarehe 14.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimefanya.

Sheria ya kwanza waliyonifundisha hapa: usitazame kioo cha kamera. Ukitazama, mtu aliyekaa ukumbini anashtuka, anajua wewe ni mwigizaji, kipande kizima kinatupwa. Basi Lyle kanishika kiuno, kainama, ananuka vitunguu kama kawaida yake. Na mimi, karibu na mwisho, jicho moja — pap! — kwenye kioo. Kufumba na kufumbua tu. Bwana Thackery alikuwa upande wa Lyle, hakuona. "Safi! Rudia!" Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu nikatazama.

Jorgen, mpiga picha wetu, aliacha kuzungusha mkono wa kamera. Akanitazama mimi, si kwenye mashine. Nikadhani nimekwisha. Akafunga kile kisanduku cha filamu, akawasha kiko, akaenda zake. Jasho lilinitoka mpaka poda ikashuka shingoni.

Jioni mafundi walibomoa kanisa letu la mbao. Kesho hapo patakuwa jela ya picha nyingine.

Jumanne, 10 Oktoba

Filamu iko maabara. Sili. Mlango ukigongwa, roho inanitoka. Alikuwa muuza maziwa!

Jumatano, 11 Oktoba

Wameiona. Niliitwa kwenye chumba cha kutazamia picha. Uso wangu ukutani, mkubwa kama mlango, na lile jicho. Loo! Ni dhahiri kabisa, hata mtoto angeliona. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Bwana Thackery hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema taratibu, "Miaka miwili hujawahi kukosea hivi."

Nikalia. Nikasema ni wasiwasi wa daraja. Nikasema Lyle akirudi nitarudia, nitafanya vizuri, naapa. Akatazama kalenda. "Tarehe ishirini," akasema. Akaisema tena, kama anaonja chumvi. Kisha: "Nenda kapumzike, binti. Nitapata njia."

Njia! Mruko utasogezwa, lazima usogezwe. Nimekula sahani mbili za nyama na viazi, Mama akanishangaa. Nilicheka peke yangu nikioga.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hakuna aliyeniambia lolote. Nilipita nje ya chumba cha yule mwandishi wa hadithi zetu. Taipureta inapigwa tangu asubuhi. Kwani anaandika nini? Sehemu ya mwisho iliandikwa Agosti.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika darajani, nimekaa juu ya sanduku la nguo. Tunangoja jua. Mawingu yamefunika, kamera haioni kitu. Treni iko kule kwenye kona inafuka moshi. Waandishi wanakula mikate ya nyama. Mmoja kaniuliza kama mapigo ya moyo yamepanda hata kidogo. Nikacheka kile kicheko cha Della.

Bwana Thackery kanipa karatasi mbili nusu saa iliyopita. Mwisho mpya. Hakuna harusi. Nora, yule ninayemwigiza, anaruka, anaiokoa treni, na anakufa. Lyle akirudi tarehe 20 atapiga magoti kaburini, peke yake, ameshika kofia. Busu halihitajiki. Mimi sihitajiki popote baada ya leo.

Mama kasoma, machozi yakamtoka. "Ni nzuri mno, Hester. Watu watalia nchi nzima." Sasa ananifunga utepe nywele zisifunike uso. Anajua. Nimeona macho yake, anajua kila kitu, na bado anafunga.

Nilimfuata Bwana Thackery. Nikamuuliza Nora anakufa vipi. Anafika kwanza kwenye paa, ndipo anakufa? Au anakufa katika kuruka?

Alikuwa akitazama mawingu. Akasema, "Itategemea tutakachopata, binti."

Jorgen alisikia. Ameinamia kamera yake, haniangalii.

Nashuka au naruka? Ngazi ya kushuka ipo hapa, hatua kumi kutoka nilipo. Waandishi wamekaa juu yake. Itabidi niwaombe wanipishe, kumi na wawili wote, na niwaambie kwa nini. Ni maneno mawili tu. Naogopa, jamani. Hata kuyaandika mkono unakataa.

Mungu, acha mawingu. Acha mpaka jioni, nakuomba.

Waandishi wameinuka. Wanakung'uta makombo, ngazi iko wazi upande mmoja. Mama kaacha nywele zangu, kanishika bega, sijui ananizuia au ananisukuma. Kivuli changu kimetokea kwenye mbao. Watu wanapiga makofi, wanashangilia jua —