Fundi wa Paa la Materinite

Kasongo, Jumanne

Na bado sijui nani alikuwa kule juu.

Mimi ndiye napanga matengenezo, na paa la materinite, nyumba ya kuzalia, nililipangia juma lijalo, nyuma ya kumaliza paa la shule. Leo mchana mukunga, Mama Feza, akanifuata kwa biro, ofisini mwangu.

«Shefu, ambia fundi wako apumzike. Anapiga nyundo tangu asubuhi, wamama hawalali.»

Sikutuma mutu.

Nikaenda, nikasikia mwenyewe: nyundo, polepole, juu ya vitanda. Nikapanda ngazi. Hakuna mutu. Vumbi tu, bila alama ya muguu. Niliposhuka ikaanza tena.

«Tuwatoe wote,» nikasema.

«Sababu ya kelele, shefu?»

«Tuwatoe tu, Mama.» Niliona haya kusema naogopa.

Mutoto wa mwisho alipotolewa nje, nyundo ikanyamaza. Kisha boriti ikaanguka pamoja na mabati, juu ya vitanda vitupu.

Labda ni mbao zilizooza zilikuwa zinalia. Labda. Wote wananishukuru mimi.

Jioni mama mmoja aliniuliza jina la yule fundi, amupe mutoto wake.

«Hata jina moja tu, Papa.»