Ile Kura Moja ya Jedida

Mpendwa Bi Mwanamina,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo sheria inaniruhusu lakini kijiji hakiruhusu, na anayeumia ni mume wangu ambaye hana kosa.

Mimi ni mke wa Menza, tunalima mahindi na mihogo huku Ganda, na kijiji chetu kina desturi ya kupiga kura kwa pamoja, tunakaa kikao, tunakubaliana mtu, siku ikifika wote tunammwagia yeye, na uchaguzi uliopita tulikubaliana na mheshimiwa aliyetuahidi mfereji wa maji. Mpinzani wake alikuwa Jedida, na huyu Jedida ndiye aliyekuwa mchumba wa Menza kabla yangu, na kwa miaka minane nimemkataza mume wangu kulitaja jina lake ndani ya nyumba. Sasa Jedida alipokuja kufanya mkutano sokoni nikajitanda leso nikaenda, si kwa siasa, nilitaka tu nimwone ana nini, nikajibanza nyuma kwa wauza nyanya, naye akazungumzia zahanati yetu isiyo na mkunga, na mimi mwaka juzi nilijifungulia kando ya barabara baada ya bodaboda kutuharibikia, basi nikajikuta machozi yananitoka. Nilienda kumtazama sura, nikarudi na sera zake, na siku ya kura nikampa yeye.

Kura zikahesabiwa, mheshimiwa mia tatu na kumi na moja, Jedida moja. Menza alikuwa wakala wa mheshimiwa mle ndani, na ile karatasi ilipoinuliwa akapaliwa na mate, akakohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichomponza. Mheshimiwa alipokuja kushukuru alisema huku anacheka, "Zile mia tatu na kumi na moja nimeziona. Hiyo moja bado naitafuta," na watu wote wakamgeukia Menza. Tangu hapo mfereji haujaja na lawama ni zake, wamemwondoa kwenye kamati ya maji, vijana wakimwona njiani wanakohoa, na mimi ndiye ninayepewa pole, wanawake wa kanisani wameniletea kuku, mama mkwe amenunua leso mpya kunifariji, mpaka nafsi ikanisuta nikamwambia mama mkwe ukweli, kwamba kura ile ni yangu. Akanikumbatia akalia. "Mwanangu, mke wa kumfichia mume aibu namna hii sijamwona," akasema, na siku ya pili kijiji kizima kilikuwa kinanisifu.

Sasa Menza amechoka, amesema Jumamosi atakwenda kwa wazee ale kiapo cha papai, kile ambacho wanasema mwongo akila huvimba mdomo, na najua akitoka salama watu watauliza ni nani mwingine aliyekuwa na sababu ya kumpa Jedida kura. Nifanyeje?

Zipporah

* * *

Zipporah,

Marahaba. Kwanza nikutoe hofu. Kura ni yako, hukuiiba kwa mtu, na mkunga ni sababu bora kuliko nyingi nilizozisikia. Mimi niliwahi kumpigia bwana mmoja kura kwa jinsi kanzu yake ilivyopigwa pasi, na sijamwambia mtu hadi leo.

Lakini umemwambia mama mkwe, umeniambia mimi nisiyekujua, na Menza je? Usinidanganye kwamba unaogopa hasira zake. Unaogopa kwamba itakubidi ulitamke wewe jina ulilomkataza yeye, tena kwa sifa. Na zaidi ya hapo, bibi, pole zimekunogea. Mume anachekwa njiani, wewe unakula kuku wa watu. Hapo umekosa, na sikufichi.

Gazeti hili hutoka Jumapili na papai ni Jumamosi, ndiyo maana Jumatano nilikupigia simu kwa ile nambari uliyoiandika. Nilikuagiza umwambie Menza siku hiyohiyo, wewe mwenyewe, usimtume mtu, na kwamba hakuna mzee mwenye haki ya kumwapisha mtu juu ya kura.

Wasomaji nao wajue yaliyotokea. Zipporah alimfuata mumewe shambani akamweleza yote, kuanzia wauza nyanya. Menza aliketi juu ya tuta la mihogo, jembe mapajani, akalikwangua udongo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Jedida sasa naruhusiwa kumtaja?"

Akaambiwa la.

Alfajiri ya Ijumaa akaenda kwa wazee akawaambia hataapa, si kwa kura yake wala ya mtu yeyote wa nyumbani kwake. Wazee wakakubali kwa shingo upande, na kijiji kikahesabu kwamba amekiri. Na wahesabu. Nimesikia wawili hao wamecheka wiki hii kuliko mwaka mzima.

Majina nimeyageuza, na kijiji nimekihamisha, kwa hiyo msianze kutafutana huko Ganda.

Sasa Zipporah, kazi imebaki. Mheshimiwa alichaguliwa na mia tatu na kumi na moja, lakini mshahara analipwa kwa kodi ya wote, na wewe umo. Jumatatu nendeni ofisini kwake wewe na Menza. Menza amuulize habari za mfereji. Wewe kaa kitini, na usinyanyuke mpaka akwambie mkunga anakuja lini.