Nilikutana na Mama Mkwe Msituni

S.L.P. 61,
Mumias.
29 Agosti 1996

Mpendwa Kaka Osundwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Ekero. Joto la Changamwe linawatendeaje? Natumaini ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa, na kwamba shemeji Zilpah na Tyson ni wazima. Mimi mwili hauna shida, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Wala si kazi iliyonichosha, maana shule imefungwa. Nimechoka kufungua mlango wa nyumba isiyo na mtu ndani.

Barua yako ya Julai niliipata. Ulinishauri nitulie, kwamba Muhonja atarudi mwenyewe hasira zikimwisha. Nimetulia mpaka basi. Ni wiki ya saba sasa tangu wamzike baba yake kule Kabras, na yeye na mtoto wetu Sylvia bado wako huko. Kosa ni langu, sijawahi kulikana. Nilimtuma jirani yangu Shikanga apeleke ng'ombe wa mazishi, mimi nikabaki nyumbani nasahihisha mitihani ya majaribio ya darasa la nane. Nilidhani ng'ombe akifika ni kama nimefika mimi. Baba mkwe akazikwa mkwe wake hayupo, watu wakala nyama, wakauliza aliyeileta ni nani.

Tangu hapo Ekero yote ina swali moja. Anayeniuzia sukari ananiuliza mama Sylvia atarudi lini. Wazee wakitoka msikitini, baada ya salamu, wananiuliza hilo hilo. Napika obusuma, ugali wa mtu mmoja, nao unabaki, naula asubuhi na chai. Basi Ijumaa iliyopita nikasema heri niende mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikafunga nyumba, nikaenda kutazama ndege katika msitu wa Buyangu, kama mgeni aliyetoka ng'ambo. Unaweza kucheka, Kaka. Hata mimi nilijiona mjinga.

Nililala kwenye vile vibanda vya wageni. Mvua ilinyesha usiku kucha, na alfajiri viatu vyangu vilikuwa bado vimelowa. Anayeongoza wageni ni Bwana Kibiwott, mtu wa makamo, mpole, ana darubini moja kuukuu ambayo jicho lake moja halioni kitu. Akaniomba radhi kwamba siku hiyo yuko peke yake, kwa hiyo nitatembea pamoja na kikundi kingine. Nikamwambia haidhuru.

Kikundi chenyewe kikaja kwa tela la trekta ya miwa. Walikuwa kina mama wa kanisa kutoka Malava, huko huko Kabras, kumi na mmoja, vitambaa vyeupe kichwani. Wa nne kushuka alikuwa mama mkwe. Jina lake silitaji, unajua mila yetu, mkwe na mama mkwe huepukana hata kwa macho.

Sikujua nijifiche wapi. Nikageukia mti, nikawa nausoma kama gazeti. Yeye naye akaniona, akajifunika leso mpaka kwenye pua, akatazama upande wa pili. Ingekuwa barabarani tungepishana, mmoja akaingia shambani na mwingine akapita. Lakini njia ya msituni ni nyembamba, na matope yalikuwa hadi kwenye vifundo vya miguu. Kibiwott hakujua lolote. Kila akiona ndege alikuwa akituvuta pamoja: "Mwalimu, sogea hapa karibu na huyu mama, utaona vizuri." Mimi nasogea nyuma, mama mkwe anasogea mbele, na Kibiwott anashangaa ni wageni wa namna gani hawa wanaoogopana. Wale wengine walijua. Walikuwa wakicheka ndani ya leso zao.

Ndege niliwaona, nisikudanganye. Niliona yule mkubwa wa buluu mwenye kishungi, anaruka kwa uzito kama kuku aliyeshiba. Lakini sikuwa na raha naye. Jasho lilinitoka na kulikuwa na baridi.

Kisha tukafika kwenye mti mmoja mkubwa wenye tundu juu. Kibiwott akatunyamazisha, akatueleza habari za hondohondo. Jike huingia tunduni kutaga, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mdogo tu. Dume ndiye humletea matunda na kumpitishia kwenye ule ufa, miezi mitatu au zaidi. Kina mama wakatikisa vichwa. Ndipo mama mkwe akasema, bila kugeuka, sauti ya upole kabisa:

"Bwana Kibiwott, hebu tuelezee. Huyo dume anakujanga mwenyewe, ama anatumanga jirani?"

Kibiwott, maskini, akamjibu kwa moyo safi: "Anakuja mwenyewe, mama. Kila siku."

Kaka, niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Hakuna aliyecheka safari hii. Nikaitazama ile mizizi na nikatamani kulia, mtu mzima na darubini ya Kibiwott shingoni. Hata hivyo hasira sikuwa nayo. Alikuwa amemzika mumewe, na mimi nilikuwa nimebaki nasahihisha hesabu za watoto.

Tukaanza kurudi. Mguu mmoja wa kiatu ulibaki matopeni nikauchomoa kwa mkono. Tulipofika barabarani, kina mama wakaanza kupanda tela. Yeye akabaki chini, akanipa mgongo, akamwita Kibiwott. Nilikuwa hatua nne tu kutoka pale, na kila neno nililisikia.

"Mwambie mgeni wako hivi. Kuna mtu kule nyumbani hajaondoa nguo zake sandukuni mpaka leo. Asubuhi anatoanga nguo ya kuvaa, jioni anairudisha mle mle, anafunga. Nimemwonyesha kamba ya kutundika nguo. Hataki."

Kibiwott akanigeukia, akanirudia yote tangu mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba nilikuwa Kisumu. Nadhani wakati huo alikuwa ameshaelewa. Nikamwambia: "Mwambie mama, nitakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nne, nikiwa na ndugu yangu mkubwa." Naye akamgeukia, akamwambia. Mama mkwe alipanda tela, akarekebisha leso yake, trekta ikaondoka.

Kwa hiyo nimeahidi kwamba utakuja bila kukuuliza, unisamehe. Baba angekuwa hai nisingekusumbua, lakini unajua mkwe haingii ukweni kujisemea mwenyewe, na aliyebaki wa kunisemea ni wewe. Omba ruhusa kazini. Panda gari la Alhamisi jioni, nitakupokea Kakamega. Usinishauri tena nisubiri, Kaka, kwa maana kusubiri kumenimaliza.

Na ukishindwa kabisa, nitakwenda peke yangu nisimame langoni. Wakinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa nikiwa nimefika.

Nisalimie shemeji Zilpah, umwambie asikasirike nikikuchukua siku mbili tatu. Tyson mwambie baba mdogo anamkumbuka, na asome. Mungu awalinde nyote huko pwani na akufikishe salama. Ningekuandikia kwamba watu wote wa nyumbani wanakusalimu, lakini anayekusalimu ni mimi tu.

Mdogo wako nikupendaye,
Nehemiah