Maharagi ya Batoto ba Nguruwe

Hapa Baraka, kando ya ziwa

Yaya Furaha, dada yangu,

Jambo ya mbali. Uko muzima? Na Mama, mugongo yake imepoa, ao angali anaamuka akishika ukuta? Batoto bako bote bako na nguvu? Mi niko. Siandike kama niko muzuri, sababu unanijua, uongo unanishinda.

Basoda bangali hapa. Sisi ni bugali ya muhogo na sombe ya majani yake, kesho tena bugali na sombe. Kwenda ku ziwa kuvua samaki, balikataza. Maharagi balipita kuyakusanya nyumba kwa nyumba, hata mbegu zenye bamama balichanganya na majivu ili wadudu wasitoboe. Na unajua nani anayakula? Nguruwe! Mukubwa wao alinyanganya nguruwe za parokia, na muganga wa mifugo akamuambia batoto ba nguruwe benye kuacha kunyonya banaomba maharagi na soya, ndiyo bataweka nyama. Yosefu wangu, mwenye nilimupatia jina ya baba yetu, naye alikuwa ameacha kunyonya. Yeye nani alimuombea maharagi? Miguu ikavimba, nywele ikakuwa nyekundu. Bwaki, yaya, ile ugonjwa ya mutoto kukosa chakula ya nguvu.

Basi nikaenda kuomba kazi ya kupikia nguruwe. Bamama benzangu banatema mate nikipita, banasema napika mbegu zao. Bateme tu. Maharagi mabichi yanaharibu tumbo ya batoto ba nguruwe, lazima uyachemushe sana, umwange maji ya kwanza, kisha utwange pamoja na pumba ya mahindi. Na kujua kama yameiva, unaweka kwa kinywa. Hapo ndipo nilipata njia. Nilikuwa natafuna bila kumeza, naenda ku lupango, ile ya miti yenye kuzunguka kambi yao, kama mutu anaokota kuni. Mama mukwe ananingojea kule na Yosefu ku mugongo. Ninamutafunia mutoto, kinywa kwa kinywa, vile Mama alitulisha sisi bote. Miguu ikaanza kushuka. Akaanza kucheka, akataka kuwekwa chini atembee.

Kisha kapita wao wa kusimamia kazi, soda mumoja mwenye macho ya kunusa-nusa, akaniambia: "We mama, unaonja mara ngapi? Kuanzia leo batakula mabichi. Tutaona kama utaiba mabichi."

Nikamuambia: "Shefu, mabichi yatabaharisha. Batakufa."

"Unahurumia nguruwe, ao tumbo yako?" Akanipiga kofi, sikio ingali inalia mpaka leo.

Bakaharisha kweli, bakakufa bengi. Na yeye, mushenzi yule, akaenda kusema kwa mukubwa: mama ameweka sumu.

Mukubwa hakuniua. Alicheka. Akasema: "Upike kama zamani. Lakini utakula wa kwanza, mbele yangu." Tangu hapo kila siku napewa bakuli muzima. Nikimaliza ananiambia fungua kinywa, inua ulimi. Halafu ninakaa pale chini mpaka ahakikishe sikufi. Mama mukwe alimuleta Yosefu ku lupango, bakamufukuza na kitako ya bunduki. Nilisikia mutoto ananiita, na kinywa yangu imejaa. Siku moja nikakataa kumeza. Akaweka bunduki hapa, ku shingo: "Kumbe sumu iko." Nikameza, yaya. Nilimeza yote.

Yosefu hayuko tena. Tulimuzika nyuma ya jikoni, ndani ya kitenge yangu, ile ya ndoa. Baba yake alikimbilia ku milima tangu masasi ya kwanza ya bunduki ilipolia, hajui kitu. Mama mukwe hanisemeshe. Anasema anasikia harufu ya maharagi kwa kinywa yangu. Na kesho narudi kupika, sababu nikiacha batasema nimekimbia na sumu yangu, na mama mukwe ndiye batakuja kumukamata.

Unisalimie shemeji mwalimu, na shangazi wetu wa kuuza samaki ndagala, na mujomba fundi wa baiskeli. Ubaambie naishi. Mama, umuambie polepole, akiwa amekaa.

Mama mwenye kuleta barua hii ameniona na macho yake. Atabaambia ninyi nimenenepa, mashavu imejaa. Musibishane naye, ni kweli.

Ni mi, mudogo wako,
Sifa