Ukoo wa Sista Murphy

Mjukuu wangu Salma, asalaam alaykum. Hapa Ibra, Omani, hatujambo, ila babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Unauliza tuna nani mashuhuri, maana wenzio huko Dublin wanajisifia koo zao. Tuliporudi kutoka Unguja nilikuwa mfasiri hospitali, kwa nesi wa Kiairishi, Sista Murphy. Bikizee mmoja wa Bidiya, mji wa jirani, alikataa sindano mpaka ajue ukoo wa nesi.

Sista akasema kina Murphy ni kizazi cha shujaa wa baharini, na wamo washairi na wapiganaji. Nikafasiri. Bikizee akazidi kuficha mkono.

“Hao kawasikia tu,” akaniambia. “Mwenyewe kamjua nani?”

“Bibi yangu tu,” akajibu Sista. “Alikuwa mkunga.”

Bikizee akatoa mkono.

Nawe wakikuuliza, anza na mimi.

Bibi yako