Hii ni Dili

Jumanne, Nyegezi

Eti kusimulia kunaponya. Leo kwenye kikundi chetu cha vijana wenye ualbino nilisimulia jinsi bibi alivyonificha ndani ya kihenge cha mpunga, watu wa mapanga walipovunja mlango. Nilipomaliza, mwalimu wa hadithi aliyetoka Dar akapiga makofi. “Dada, hii ni dili!”

Neema, jirani yangu wa kiti, akavuta kofia mpaka machoni. Dili ndilo jina wanalotuitia mtaani, wakipigia hesabu mifupa yetu.

Nilimweleza mwalimu. Akaona aibu, akaomba radhi, kidogo nimhurumie. Halafu akasema, “Na hilo liingize kwenye hadithi. Wafadhili watalia.”

Kumbe hakukosea neno. Hata kwake mimi ni dili.